AHADI NI DENI: TUNAPOJIFUNZA KIINGEREZA CHA WAMAREKANI

Yafuatayo ni maneno aliyoyasema mwalimu mmoja mstaafu wa Kiingereza mbele ya wanafunzi wa darasa la jioni la watu wazima, siku walipohitimisha mafunzo yao. Tunayachapa kwa kuwa yanawahusu wengi zaidi ya wale waliokuwamo ukumbini.

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Walimu, Ndugu Wanafunzi,

Nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama mbele yenu jioni hii. Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya utamaduni wa Marekani, kwa sababu wengi wenu sasa mnakisoma Kiingereza si kwa ajili ya Waingereza tena, bali kwa ajili ya Wamarekani: filamu zao, nyimbo zao, vitabu vyao, biashara zao, na kwa baadhi yenu, viza zao. Kumtaka mtu aieleze nchi yenye majimbo 50 na watu zaidi ya milioni 330 kwa muda wa saa moja ni sawa na kumtaka aieleze bahari kwa kata moja ya maji. Hata hivyo nimekubali, kwa sababu ninalo deni la siku nyingi, nami naona hapa ndipo mahali pa kulilipa.

Katika miaka yangu ya mwanzo ya ualimu nilikuwa na desturi ya kuwakaririsha wanafunzi sentensi ile mashuhuri ya Tangazo la Uhuru la Marekani la mwaka 1776, isemayo kwamba watu wote wameumbwa sawa na kwamba wanazo haki wasizoweza kunyang'anywa. Niliipenda kwa sarufi yake. Niliwaonyesha wanafunzi jinsi vishazi vilivyopangwa kama matofali, kila kimoja kikiubeba uzito wa mwenzake. Siku moja kijana mmoja wa safu ya nyuma alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, huyu aliyeandika hivi, shambani kwake alilima nani?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mimi sikulijua jibu, na kwa kuwa sikulijua, nilimkaripia. Nilimwambia kwamba hilo lilikuwa somo la Kiingereza, wala si la historia. Akaketi, na tangu siku ile hadi alipoondoka shuleni hakuniuliza swali jingine. Nimeishi na kimya chake kwa miaka mingi. Ndugu zangu, maneno yangu ya leo ni jibu la kijana yule.

Aliyeandika alikuwa Thomas Jefferson, mwenye shamba kubwa huko Virginia. Alipokuwa Philadelphia akiandika, alikuwa na umri wa miaka 33, na pembeni yake alikuwako mtumishi wa umri wa miaka 14 aitwaye Robert Hemings, aliyemvalisha na kumtumikia. Robert Hemings alikuwa mtumwa wake. Katika maisha yake yote Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600, na hao ndio waliolima. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba katika rasimu yake ya kwanza aliweka maneno makali ya kuilaani biashara ya watumwa, akimtupia lawama Mfalme wa Uingereza. Wajumbe wa mkutano wakayafuta. Basi kalamu ileile iliyolaani biashara ya watumwa ilikuwa mkononi mwa mtu aliyevalishwa viatu na mtumwa, na karatasi ileile iliyotangaza usawa ilikatwa sehemu iliyowataja wale wasio sawa.

Miaka 11 baadaye, mwaka 1787, viongozi wa taifa hilo jipya walikutana tena katika mji uleule kuandika Katiba. Hapa nawaomba mnaojifunza lugha mtege masikio. Katiba ile iliulinda utumwa katika vifungu kadhaa, lakini neno "mtumwa" halikuandikwa humo hata mara moja. Palipotakiwa kuhesabiwa watu wa kila jimbo ili kugawa viti vya wabunge, watumwa waliitwa "watu wengine", na kila watano kati yao wakahesabiwa kama watatu. Palipotakiwa kurudishwa watoro kwa mabwana zao, waliitwa watu wanaowiwa kazi. Neno lenyewe la utumwa liliingia katika Katiba mwaka 1865 tu, katika rekebisho la 13, siku utumwa ulipopigwa marufuku. Hili ni somo kubwa la lugha. Mtu akiona haya ya jambo analolitenda, hulitafutia jina la adabu. Mnaposoma Kiingereza cha mikataba, cha matangazo na cha hotuba za wakubwa, msitafute tu maana ya neno lililoandikwa. Tafuteni pia neno lililokimbiwa.

Ningeishia hapo, mngetoka humu mkisema kwamba Wamarekani ni wanafiki, na hadithi imekwisha. La hasha, hadithi ndiyo kwanza inaanza.

Mwaka 1818 alizaliwa katika jimbo la Maryland mtoto mtumwa ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Frederick Douglass. Alipokuwa mdogo alipelekwa katika mji wa Baltimore, nyumbani kwa ndugu wa bwana wake. Mke wa nyumba ile, ambaye hakuwa amezoea kumiliki watumwa, akaanza kumfundisha herufi. Mumewe alipopata habari alimkataza mara moja, akisema kwamba mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Douglass mwenyewe ameeleza kwamba maneno yale yalikuwa kwake kama ufunguo. Alitambua kuwa kile ambacho bwana anakiogopa ndicho anachopaswa kukitafuta.

Basi alifanyaje? Alipotumwa dukani, alitia mkate mfukoni. Njiani alikutana na watoto wa Kizungu, maskini wenye njaa, akawapa mkate, nao wakampa herufi. Alipopata senti 50 alinunua kitabu cha hotuba zilizokusanywa kwa ajili ya wanafunzi, akazisoma kwa siri tena na tena. Mwaka 1838 alitoroka. Mwaka 1845 aliandika kitabu cha maisha yake, na Kiingereza chake kikawa cha fasaha mno hata wapo waliokataa kuamini kwamba aliwahi kuwa mtumwa.

Tarehe 5 Julai 1852, katika mji wa Rochester jimboni New York, chama kimoja cha akina mama waliopinga utumwa kilimwalika atoe hotuba ya kuadhimisha Uhuru wa Marekani. Alisimama mbele ya mamia ya watu, akawasifu kwanza wale walioandika Tangazo la mwaka 1776, akasema kwamba walikuwa watu hodari. Kisha akawageukia wasikilizaji wake na kuwauliza: sikukuu hii yenu, kwa mtumwa ina maana gani? Hakulikataa Tangazo, wala hakulichana. Alilishika mkononi kama mdai anavyoshika hati ya deni, akawaambia kwamba hapo ndipo walipotia sahihi, na sasa walipe.

Ndugu zangu, wahenga wetu walisema ahadi ni deni. Kama ningetakiwa kuieleza Marekani kwa methali moja ya Kiswahili, ningeichagua hiyo. Nchi ile ilianza kwa kutoa ahadi kubwa kuliko uwezo wake, na pengine kuliko nia yake. Tangu hapo historia yake imekuwa ugomvi usiokwisha kati ya wenye kudai na wenye kuchelewesha. Waliodai kwa ufasaha kupita wote ni wale walioachwa nje ya ahadi. Anayejifunza Kiingereza cha Wamarekani bila ya kuujua ugomvi huo amejifunza nusu tu ya kila neno.

Sasa niwapeleke katika mambo ya kila siku, kwa maana huko ndiko mtakakojikwaa kwanza. Mtakapokutana na Wamarekani mtaona kwamba wana uchangamfu mwingi. Mtu atakuuliza hali yako huku anapita, wala hangoji jibu. Asiyejua atasema huyu hana adabu. Lakini hata sisi husema "hatujambo" na huku mtoto amelala na homa ndani. Ni salamu tu. Pia mtaona kwamba kijana wa miaka 20 anamwita meneja wa miaka 60 kwa jina lake la kwanza, bila ya bwana wala mzee. Kwetu hilo lingekuwa tusi. Kwao ni dalili ya usawa, kwamba hakuna mkubwa anayestahili kuinamiwa. Lakini msidanganyike mkafikiri kwamba meneja huyo hana nguvu. Katika sehemu kubwa ya nchi ile mwajiri aweza kumfukuza mfanyakazi asiye na mkataba wa ulinzi pasipo hata kumweleza sababu. Watakuwa wanaitana majina ya utotoni asubuhi, na jioni mmoja atakuwa hana kazi.

Na kuhusu kuitana majina kiko kisa ambacho kila Mswahili ataelewa uchungu wake. Katika majimbo ya kusini, kwa miaka mingi baada ya utumwa kwisha, Mzungu hakumwita mtu Mweusi "Bwana" wala "Bibi". Mwanamume wa miaka 50 aliitwa kijana. Akizeeka aliitwa "uncle", na mwanamke mzee aliitwa "auntie", yaani mjomba na shangazi. Tafakarini hilo. Sisi tunapomwita mtu asiye wa damu yetu mjomba au shangazi tunamvuta karibu na kumpandisha. Kule maneno hayohayo yalitumiwa ili kukwepa kumpa mtu heshima aliyopewa kila Mzungu, hata mlevi.

Mwaka 1963 mwanamke mmoja aliyeitwa Mary Hamilton, mpigania haki za raia, alisimama mahakamani katika jimbo la Alabama. Mwendesha mashtaka akamwita "Mary". Akakataa kujibu, akasema hatajibu mpaka aitwe kama wanawake wengine wote wanavyoitwa mahakamani, yaani "Miss Hamilton". Hakimu akamwamuru ajibu, akakataa tena. Akahukumiwa kifungo cha siku tano na faini ya dola 50 kwa kuidharau mahakama. Rufani ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1964 mahakama hiyo ikaitengua hukumu ile. Neno moja dogo la heshima lilipanda ngazi zote za sheria mpaka kileleni. Mwalimu wenu anapowafundisha lini kusema "Mr.", lini "Mrs." na lini "Miss", msione kuwa ni sarufi kavu. Kuna aliyekubali kwenda jela kwa ajili ya neno hilo.

Nije katika suala la lugha yenyewe. Wengi hufikiri kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya Marekani tangu mwanzo. Kabla ya Kiingereza kufika, nchi ile ilikuwa na mamia ya lugha za wenyeji wake wa asili. Mwaka 1879 ilifunguliwa huko Carlisle, Pennsylvania, shule ya bweni iliyokuwa mfano wa nyingine nyingi. Watoto wa makabila hayo walichukuliwa mbali na wazazi wao, wakakatwa nywele, wakapewa majina mapya, na wakaadhibiwa kwa kusema lugha za mama zao. Miongoni mwenu wapo wanaokumbuka kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani katika uwanja wa shule. Basi mnao ndugu zenu kule. Lakini mwaka 1942, katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani likawatafuta vijana wa kabila la Navajo, likawataka watunge maneno ya siri kwa lugha yao ili adui asiyafahamu katika vita vya Pasifiki. Walifanya hivyo, na adui hakuyafumbua. Lugha iliyokuwa kosa kwa mtoto darasani ikawa ngao ya taifa vitani.

Hata Kiingereza chao kina damu yetu. Katika visiwa vya pwani ya South Carolina na Georgia wako watu Weusi wasemao Kigullah, lugha iliyozaliwa na Kiingereza na lugha za Kiafrika, ambayo mtaalamu Lorenzo Dow Turner aliitolea kitabu mwaka 1949. Kusini mwa nchi hiyo karanga huitwa pia "goober", neno lenye asili ya "nguba" katika lugha za Kongo na Angola. Na mchuzi wao maarufu uitwao "gumbo" umepata jina kutokana na neno la Kibantu la bamia. Waliofungwa minyororo hawakufika mikono mitupu. Walifika na maneno, na maneno yao yanaliwa mezani mpaka leo.

Kwa karibu miaka 250 nchi ile haikuwa na lugha rasmi ya taifa iliyotajwa na serikali kuu. Mwezi Machi mwaka 2025 Rais alitia sahihi amri ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi. Wapo walioshangilia, wakisema kwamba lugha moja hujenga taifa moja. Wapo waliosikitika, wakiwakumbuka bibi zao waliofika bila ya neno moja la Kiingereza na bado wakajenga reli na kulea wanajeshi. Si kazi yangu kuwaamulia. Kazi yangu ni kuwaonyesha kwamba hata lugha mnayojifunza iko ndani ya ule ugomvi niliowaeleza.

Ugomvi huo uko mlangoni pia. Mwaka 1886 ilisimamishwa katika bandari ya New York sanamu kubwa ya mwanamke aliyeinua mwenge, ishara ya uhuru, na mamilioni ya wahamiaji kutoka Ulaya waliiona kwa machozi ya furaha. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1882, ilipitishwa sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie, ingawa maelfu yao ndio waliopasua milima kwa ajili ya reli ya kuunganisha pwani mbili. Sheria ile ilidumu mpaka mwaka 1943. Na hali hiyo si ya kale tu. Katika mwaka wa fedha wa 2016 Marekani iliwapokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili kama sisi. Nyumba nyingi katika majimbo kama Kentucky na Texas zikaanza kusikika salamu zetu. Mwezi Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa kwa amri, na waliokuwa wamekwisha kufunga mizigo wakabaki makambini. Mwenge bado umeinuliwa. Mlango hufunguliwa na kufungwa.

Juu ya utajiri nitapita upesi, kwa kuwa mnausikia kila siku. Utajiri upo, tena si wa hadithi. Lakini taarifa ya Wizara ya Kilimo ya nchi hiyohiyo ilieleza kwamba mwaka 2023 zaidi ya kaya 13 katika kila 100 zilikuwa na wakati ambapo hazikuwa na hakika ya chakula cha kutosha. Katika mwaka huohuo watu wapatao milioni 26 hawakuwa na bima ya afya. Na nchi inayojiita ya watu huru imewafunga magerezani watu wapatao milioni 2, idadi ambayo mataifa machache sana huikaribia. Mnapotazama filamu na kuona jumba, gari na bwawa la kuogelea, kumbukeni swali la yule kijana. Shambani hapa, alima nani?

Nawaomba pia mwangalie jambo la wajumbe. Katika miaka ya 1950 Marekani iliwatuma wanamuziki wa jazi ulimwenguni kote waonyeshe uzuri wa uhuru wake. Muziki wenyewe ulikuwa umezaliwa na watu Weusi walionyimwa uhuru huo. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri, alikuwa akitazamiwa kwenda Urusi ya wakati huo. Mwezi Septemba 1957 gavana wa Arkansas aliweka askari kuwazuia wanafunzi Weusi tisa wasiingie katika shule moja mjini Little Rock. Armstrong akakataa safari, akasema wazi kwamba hawezi kwenda kuisifu serikali inayowatendea hivyo watu wake. Rais Eisenhower baadaye alipeleka askari wa jeshi la taifa kuwalinda watoto wale. Na mwaka 1960 Armstrong huyohuyo alizuru Kongo, akapokewa Léopoldville kwa kubebwa juu ya kiti kama mfalme. Mwaka uliofuata, 1961, mabalozi wa nchi changa za Afrika waliokuwa wakisafiri kati ya New York na Washington walikataliwa hata kikombe cha kahawa katika mikahawa ya Barabara Namba 40 huko Maryland, jimbo lilelile alikozaliwa Douglass. Balozi wa Chad alikuwa mmoja wao. Msanii wao tulimbeba mabegani. Mabalozi wetu waliambiwa watoke nje.

Miaka miwili baada ya hapo, tarehe 28 Agosti 1963, watu wapatao 250,000 walikusanyika mjini Washington mbele ya sanamu ya Abraham Lincoln. Mchungaji Martin Luther King alitoa hotuba ambayo wengi mnaijua kwa sehemu yake ya ndoto. Mimi nawasihi msome sehemu ya mwanzo, ambayo husomwa kidogo. Hapo anasema kwamba wamekuja kudai malipo ya hati waliyoandikiwa na waasisi wa taifa, kwamba hundi imerudishwa kwa kisingizio cha kukosa fedha, nao hawakubali kwamba benki ya haki imefilisika. Ahadi ni deni! Mwaka 1964 ikapitishwa Sheria ya Haki za Raia, na mwaka 1965 Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Mwaka 2008 akachaguliwa Rais ambaye baba yake alizaliwa Kenya. Na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikadhoofisha sehemu muhimu ya sheria ile ya 1965. Kila kinacholipwa leo, kesho hugombewa upya.

Ndugu Wanafunzi, nimeona maradhi mawili miongoni mwa wanaojifunza Kiingereza. La kwanza ni kuabudu. Mgonjwa wake huvaa kama wao, hutembea kama wao, hupitisha Kiswahili puani ili kifanane na chao, na huona aibu kwa lafudhi ya mama yake. La pili ni kudharau. Mgonjwa wake amesikia juu ya utumwa na magereza, basi hukataa kujifunza lolote, husema wote ni waongo, na huishia kutojua hata uongo wenyewe umejengwaje. Maradhi haya yaonekana kuwa maadui, lakini mama yao ni mmoja, nao ni uvivu wa kufikiri. Douglass hakuwa na ugonjwa wowote kati ya hayo mawili. Alikichukua Kiingereza cha bwana wake, akakijua kuliko bwana, akakitumia kumdai.

Kabla hatujawacheka Wamarekani, tuangalie na nyumbani, maana nyani haoni kundule. Lugha yetu tukufu nayo ina maneno yenye kovu. Tunamsifu mtu kwa kumwita mwungwana, lakini hapo zamani mwungwana alikuwa mtu huru, na kinyume chake alikuwa mtumwa. Tunamtukana mtu kwa kumwita mshenzi, na neno hilo watu wa pwani walimpa mtu wa bara ambaye mara nyingi aliletwa amefungwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, na Bagamoyo inajua idadi ya miguu iliyopita. Lakini mwaka 1966, Wamarekani Weusi walipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa, walichagua Kiswahili kiwape majina ya misingi yao saba: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Waliona katika lugha yetu ahadi. Je, sisi wenye lugha tunayatimiza maneno hayo, au nasi tunadaiwa?

Kwa hiyo nawaachieni mashauri matatu. Kwanza, kila mkutanapo na neno kubwa la Kiingereza, kama vile uhuru, usawa, nafasi, au furaha, ulizeni ni nani aliyekuwa ndani ya neno hilo lilipoandikwa, na ni nani aliyekuwa nje. Pili, msisome waandishi wa upande mmoja. Mkimsoma Jefferson, msomeni na Douglass, maana sentensi ya wa kwanza haijakamilika mpaka wa pili ajibu. Tatu, mkikutana na Mmarekani, msimhukumu kwa filamu wala kwa historia peke yake. Mwulizeni nchi yake inamdai nini, naye anaidai nini. Mtashangaa jinsi watu wale wanavyopenda kujibu, kwa kuwa jambo moja la kusifiwa kwao ni kwamba ugomvi wao huusema hadharani.

Kijana yule wa safu ya nyuma sijui aliko. Ikiwa maneno haya yatamfikia, namwomba radhi. Swali lake halikuwa nje ya somo, bali lilikuwa ndilo somo lenyewe. Na nyinyi walimu vijana mlioketi hapa mbele, siku mwanafunzi atakapowauliza shambani alilima nani, msimkaripie. Ikiwa hamjui, semeni hamjui, kisha fungueni kitabu mtafute pamoja naye. Mimi ilinichukua miaka mingi kulijibu swali lililohitaji jioni moja.